Kupanda Kilimanjaro kwa Ajili ya Mradi: Mzigo Wetu Ataubeba Nani?

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya kamati za maendeleo za sharika za mjini kati na wageni wetu wafadhili, Dar es Salaam. Tunayachapisha kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimepewa dakika arobaini, na kwa kuwa mwenyekiti ananifahamu, ameivua saa yake na kuiweka mezani. Nitajitahidi. Mada niliyopewa ni "Kupanda mlima kama njia ya kuchangia miradi ya sharika". Nitaigawa katika sehemu sita fupi, na mwisho nitatoa mapendekezo ili kamati ziyajadili.

1. Ombi lililo mbele yetu

Kama mlivyosoma katika makabrasha yenu, vijana wa sharika tatu za mjini kati wameomba baraka ya kamati ili wapande Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Ni wapandaji ishirini, kwa siku sita. Kila mpandaji atatafuta watu wa kumchangia, na fedha zitakazopatikana zitajenga banda la mapumziko kwa ajili ya wabeba mizigo wa soko na mitaa ya Kariakoo. Banda hilo litakuwa na kivuli, maji safi ya kunywa, choo, sanduku la huduma ya kwanza, na meza ya chama cha kuweka na kukopa.

Wazo la kupanda mlima kwa hisani si geni nchini kwetu. Tangu mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa Kili Challenge, ambapo watu hupanda Kilimanjaro na wengine huuzunguka kwa baiskeli, ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Kwa hiyo tunapita njia ambayo wenzetu wamekwisha kuipita.

Kamati zimegawanyika. Wapo wanaosema huo ni utalii uliovikwa joho la kanisa. Wapo wanaosema vijana waende haraka kabla ari haijapoa. Lakini kuna sauti ya tatu. Ofisi yangu ilipokwenda kuwaona walengwa wenyewe, tulimkuta baba mmoja wa makamo Mtaa wa Kongo, amekaa juu ya mkokoteni wake anasubiri mzigo. Tulimweleza mpango wote, na yeye alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akatuuliza jambo moja tu: huko mlimani, mizigo ya hao vijana ataibeba nani?

Ndugu zangu, swali hilo ndilo mada yangu ya leo. Naomba mlishike mkononi tunapoendelea.

2. Njia ya Marangu na vibanda vyake

Ili tuzungumze kitu tunachokijua, naomba niwapeleke mlimani kidogo kwa maneno.

Kilimanjaro ina vilele vitatu: Shira, Mawenzi wenye mita 5,149, na Kibo. Katika Kibo ndiko iliko ncha ya Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kuliko pote Afrika. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Zipo njia kadhaa za kupanda. Katika nyingi watu hulala kwenye mahema. Marangu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, na ndiyo maana vijana wetu wameichagua. Kutoka langoni, takribani mita 1,870, unatembea ndani ya msitu hadi Mandara, takribani mita 2,700. Siku ya pili unatoka msituni na kuvuka nyanda za vichaka na majani hadi Horombo, takribani mita 3,700. Siku ya tatu mnabaki Horombo ili mwili uzoee hewa. Siku ya nne mnavuka uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo hadi kibanda cha Kibo, takribani mita 4,700. Hapo mnalala saa chache, mnaamka kabla ya usiku wa manane, mnapanda kwa tochi juu ya kokoto zinazoteleza. Mkijaliwa mnafika Gilman's Point, na baada ya saa kama mbili za kuufuata ukingo, Uhuru. Siku hiyo hiyo mnashuka hadi Horombo, na kesho yake langoni.

Vibanda vya Mandara na Horombo vina paa lenye mteremko mkali linaloshuka karibu na ardhi, mfano wa herufi A. Vilijengwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1970, na wageni wetu kutoka huko waliopo hapa leo wanaweza kujivunia kidogo. Ndani ni vitanda vya mbao na magodoro, na chakula huliwa katika jengo la pamoja. Kibanda cha Kibo ni cha mawe, na watu hulala wengi chumba kimoja. Mkurugenzi wa benki na mwanafunzi wa chuo wanapangana kitanda cha juu na cha chini, na wote wawili wanaisikia baridi ileile.

Naomba mkumbuke jambo moja kuhusu Kibo: hapana maji. Maji ya chai, ya uji na ya kunywa hubebwa kutoka chanzo cha mwisho kilicho njiani baada ya Horombo. Kwa hiyo kila kikombe utakachopewa pale mezani kimepanda kichwani au mgongoni mwa mtu.

3. Mlima huu na Kanisa, na majina yaliyoandikwa

Sisi Walutheri tuna sehemu yetu katika habari za mlima huu. Mmisionari Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Aliporipoti Ulaya, baadhi ya wasomi walikataa kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Wachaga walikuwa wakiitazama kila asubuhi, lakini wao hawakuulizwa.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Kule Marangu watu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Alifariki mwaka 1996 akiwa mzee sana. Baadaye mchungaji wetu Richard Reusch wa misheni ya Leipzig alipanda mara nyingi, na ndiye aliyemkuta chui aliyeganda kwenye ukingo wa kreta mwaka 1926. Kreta ya ndani ya Kibo inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Wakati wa Wajerumani vibanda viliitwa Bismarck na Peters, na kilele kiliitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm. Leo vibanda vinabeba majina ya watawala wa Kichaga: Mandara, yaani Mangi Rindi wa Moshi, na Horombo wa Keni, Rombo. Kilele ni Uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka huko juu bendera ya Tanganyika na mwenge. Na sisi wa mjini kati tusisahau kwamba TANU, chama kilichoipeleka bendera ile kileleni, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 hapo Mtaa wa Lumumba, mwendo wa dakika chache kutoka sokoni.

Kwa hiyo tumekwisha kusahihisha mengi. Tuliondoa majina ya watawala wa kigeni tukaweka ya kwetu, na hilo ni jema. Lakini mwenye kubeba yuko wapi? Meyer hakupanda bila wabebaji. Nyirenda na wenzake hawakupanda bila wabebaji. Ramani ina majina ya wapelelezi, wachungaji na machifu, ila ya wabebaji hayaonekani.

4. Kariakoo ni jina la wabeba mizigo

Hapa naomba turudi mjini, maana wapo vijana wetu waliozaliwa Kariakoo wasiojua maana ya jina hilo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa hapa kwetu kuanzia 1914 hadi 1918. Barabara zilikuwa chache, na ng'ombe, punda na farasi waliangamizwa na mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga, dawa na hata mizinga ilibebwa na watu. Majeshi ya pande zote mbili yalikusanya wanaume vijijini kwa makumi ya maelfu, wengi wao bila hiari. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na eneo hili likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Midomo yetu ililigeuza jina hilo likawa Kariakoo. Hata Nairobi wanayo Kariokor yao, kwa asili hiyohiyo.

Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, vichomi, njaa, na baridi ya mvua za milimani kwa kukosa nguo na chakula walichokizoea. Fedha nyingi za mishahara ya marehemu hazikufika kwa ndugu zao.

Sasa nendeni pale kwenye Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, iliyowekwa mwaka 1927. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Nairobi angalau mpagazi amechongwa akasimama pamoja na askari. Hapa Dar es Salaam mnara wa mpagazi ni jina la soko tu. Tunalitaja kila siku kwenye daladala bila kumkumbuka.

Na kazi ile haijaisha. Pitia asubuhi mitaa ya Tandamti, Mkunguni, Nyamwezi au Msimbazi, utawakuta wabeba mizigo, wavuta mikokoteni na waendesha maguta. Wanabeba jora za vitenge kupanda ngazi za maghorofa. Wanabeba viroba vya mchele, makatoni ya vyombo, na magunia ya viazi yaliyofungwa lumbesa. Wakala wa Vipimo anapiga vita lumbesa ili mkulima asipunjwe, na hilo ni sahihi. Lakini mgongo wa mbebaji hauna mzani wala wakala. Analipwa kwa safari, akiumwa halipwi, na jua la saa saba anakimbilia kivuli cha duka ambalo mwenyewe anamfukuza. Hao ndio walengwa wa banda letu.

5. Wagumu wa mlimani

Tukirudi kwa swali la yule baba: mizigo ya vijana wetu itabebwa na wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Wengi ni vijana wa Kilimanjaro na Arusha. Wapo waliomaliza darasa la saba, wapo wa vyuo wanaotafuta ada, na siku hizi wapo pia wanawake. Mpagazi anabeba begi la mgeni, mitungi ya gesi, masufuria na chakula. Anatoka kituoni nyuma ya wageni baada ya kuosha vyombo, anawapita njiani akisema "pole pole", na mkifika chai iko tayari.

Mamlaka ya hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa kila mpagazi, na mizigo hupimwa langoni. Hapo mlima umeizidi Kariakoo, maana una mzani. Hata hivyo sheria ni jambo moja na utekelezaji ni jambo lingine. Ushindani wa kampuni za utalii umeshusha bei, na bei inaposhuka sana anayepunguziwa kwanza ni mpagazi. Matatizo yanayofahamika ni haya:

(a) Kulipwa chini ya kima kilichokubaliwa, au kucheleweshewa malipo baada ya kushuka.

(b) Kula mara moja kwa siku, huku wageni wakila mara tatu.

(c) Kwenda juu na viatu vya raba, koti jepesi na bila glavu. Wapagazi wamewahi kufa kwa baridi mlimani.

(d) Bakshishi ya mgeni kupita mikono mingi, na kumfikia mpagazi imepungua.

Wapo wanaolishughulikia. Kilimanjaro Porters Assistance Project, KPAP, iliyoanza mwaka 2003 na yenye makao Moshi, inawaazima wapagazi mavazi ya baridi bure, inawafundisha, na inafuatilia namna kampuni zinavyowatendea watu wao. Vipo pia vyama vya wapagazi wenyewe. Nasema hivi ili tusijifanye kwamba tunakwenda kuwaokoa. Tunachotakiwa ni kutokuwa wateja wabaya.

Hebu fikirini. Vijana wa Kanisa wanapanda mlima kuchangisha fedha kwa ajili ya wabeba mizigo wa Kariakoo. Wanatafuta kampuni ya bei ya chini kabisa ili fedha nyingi zibaki. Bei ile imeshuka kwa sababu mtu fulani amenyimwa mlo wa mchana na malipo ya siku moja. Kwa maneno mengine, tunachukua kwa mbebaji wa mlimani na kumpa mbebaji wa sokoni, halafu katikati tunapiga picha na bango. Ndugu zangu, hiyo si hisani. Mtume Paulo, akiwaandikia Wagalatia sura ya sita, anatufundisha kuchukuliana mizigo. Hakusema tuihamishe kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine.

6. Hesabu, afya na umiliki

Kwanza hesabu. Wafadhili waliopo hapa hupenda uwazi, na waumini wetu vilevile. Tuseme mama mmoja wa Kariakoo anayeuza dagaa amemchangia kijana shilingi 10,000 akiamini zinakwenda kwenye banda. Ikiwa 8,000 kati ya hizo zimelipia nauli ya basi, kiingilio cha hifadhi na koti la kijana, yule mama amefadhili safari bila kujua. Dawa yake ni mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni gharama za kupanda: hizo hulipwa na mpandaji mwenyewe, familia yake, au mfadhili aliyeambiwa wazi kwamba anafadhili safari. Mfuko wa pili ni michango ya banda, na huo hauguswi hata kwa senti moja. Mweka hazina awe na vitabu viwili vya stakabadhi, vya rangi tofauti.

Tuna nafuu mbili. Viingilio vya hifadhi kwa Mtanzania ni vidogo sana kuliko vya mgeni. Na kwa kuwa njia ya Marangu ina vibanda, hatutabebesha watu mahema. Mavazi nayo yapo hapahapa Kariakoo. Majaketi ya baridi, soksi nene na buti za mitumba zinazoshuka kutoka Ulaya huuzwa kwetu kwa bei inayovumilika, maana Dar es Salaam nani anavaa jaketi la theluji? Napendekeza kila mpandaji anunue seti mbili, moja yake na moja ya kumwachia mpagazi mwishoni.

Pili afya. Sisi tunatoka usawa wa bahari. Kule Uhuru hewa ni nyepesi kiasi kwamba kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni uliyoizoea hapa. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za kawaida, lakini maji yanapoingia mapafuni au ubongo unapovimba mtu anaweza kufa kwa saa chache. Dalili zake ni kuhema hata ukiwa umekaa, kukohoa povu, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa. Tiba ya kwanza ni kumshusha mtu mara moja, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana. Maombi yafanyike wakati mnashuka.

Vijana wengi hufanya mazoezi kwenye milima ya Pugu, na ni vizuri kwa miguu, lakini Pugu ni ya chini mno kuuzoesha mwili hewa ya juu. Wenye uwezo wanaweza kuanza na Mlima Meru, mita zaidi ya 4,500, wenye vibanda vya Miriakamba na Saddle, ambako hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Na mwenye ugonjwa wa moyo, selimundu au ujauzito asiende. Mlima hauangalii cheo cha mtu katika kwaya.

Ninaongeza hili kwa wachangiaji: mtu asichangie kwa sharti la kufika Uhuru. Tukisema "shilingi laki moja ukifika kileleni", tunamnunulia kijana sababu ya kuficha maumivu ya kichwa. Mchango uhesabiwe kwa kuanza na kurudi salama. Aliyegeukia Horombo kwa ushauri wa kiongozi ametimiza wajibu wake.

Tatu umiliki. Nchini Uganda, kwenye milima ya Rwenzori yenye kilele cha Margherita, mita 5,109, wenyeji Wabakonzo waliunda mwaka 1987 ushirika wa kuongoza wageni, Rwenzori Mountaineering Services. Vibanda kama John Matte, Bujuku na Elena viko chini ya huduma zao. Kule Uswisi nako, chama cha wapanda milima kilichoanzishwa mwaka 1863 kilijenga kibanda chake cha kwanza mwaka uleule, na hadi leo wanachama ndio wenye vibanda na ndio wanaovitunza. Sisemi mambo yote huko ni kamili. Ninachosema ni kwamba kibanda chenye mwenyewe hudumu.

Basi na banda letu la Kariakoo lisiwe la Kanisa lililopewa wabeba mizigo. Liwe la wabeba mizigo lililosaidiwa na Kanisa. Waunde kamati yao, wachangie hata kama ni shilingi 200 kwa siku, wachague mtunza ufunguo wao. Mmeona wenyewe mabomba mangapi yaliyozinduliwa kwa ngoma na leo hayana hata koki. Na kwa kuwa Kariakoo wapo Waislamu na Wakristo, na wabebaji wengi ni ndugu zetu Waislamu, mlango wa banda usiulize mtu dini yake. Pawekwe na maji ya kutawadha.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza kamati ziwaruhusu vijana kupanda, kwa masharti yafuatayo:

1. Kampuni ichaguliwe kwa kuuliza kwanza mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, anakula mara ngapi, analala wapi, na anashushwaje akiugua. Bei ya jumla iulizwe mwisho. Majibu yawe kwa maandishi.

2. Begi la kila mpandaji lipimwe hapa hapa usharikani kabla ya kwenda stendi ya Mbezi. Linalozidi kipimo lipunguzwe mbele ya wote.

3. Bakshishi ikusanywe pamoja, na kiasi cha kila mmoja kitangazwe hadharani siku ya mwisho, wapagazi wote wakiwapo, na kila mtu apewe mkononi mwake.

4. Mifuko miwili ya fedha, vitabu viwili, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye mbao za matangazo za sharika zote tatu ndani ya siku thelathini baada ya kurudi.

5. Kila mpandaji apimwe na daktari, na kiongozi wa msafara awe na neno la mwisho kuhusu kushuka.

6. Wabeba mizigo wa Kariakoo waingie katika kamati ya banda kuanzia mkutano ujao, wasiopungua nusu ya wajumbe, wakiwamo wanawake.

7. Wasioweza kupanda, nami nikiwa mmojawapo kwa ushauri wa magoti yangu, wafanye matembezi ya hisani kutoka Azania Front hadi Kariakoo kupitia Sanamu ya Askari. Pale tusimame dakika moja kwa ajili ya wapagazi waliokufa vitani.

Nimeulizwa na mfadhili mmoja kama masharti haya hayatapunguza fedha za banda. Jibu langu ni ndiyo, yatapunguza kiasi. Pengine tutajenga banda lenye matundu mawili ya choo badala ya manne kwa mwaka wa kwanza. Lakini tutaweza kurudi kwa yule baba wa Mtaa wa Kongo na kumjibu swali lake bila kutazama chini. Tutamwambia: mizigo yetu ilibebwa na watu kama wewe, ilipimwa, walikula tulipokula, walivaa tulivyovaa, na walilipwa mbele ya macho yetu. Akilikubali jibu hilo, tuanze kuchimba msingi. Akiwa na swali lingine, tukae tumsikilize.

Mwenyekiti, naona umeishika saa. Fomu za maoni ziko kwa makatibu wa sharika, na tunaomba zirudi ofisini kabla ya kikao kijacho cha kamati ya pamoja.

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono ya wote wanaobeba.